Thamostati ya Difrosti ya Friji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa friji za nyumbani zilizoandikwa No Frost au Frost Free, zile ambazo ukifungua friza huoni barafu ukutani. Maswali yamepewa namba ili tusirudie maelezo: ukikuta "tazama swali la 11", nenda huko kwanza. Kama friji tayari iko wazi na mita ya kupimia omu (multimeter) iko mkononi, anzia swali la 10.

## Kuifahamu yenyewe

1. Thamostati ya difrosti ni nini? Si ile ya kuzungusha namba?

Hapana, ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowarudisha watu dukani mara mbili. Ile yenye kitufe cha namba huamua kompresa, yaani mota inayosukuma gesi ya friji, iwake lini na izime lini. Ya difrosti, yaani ya kuyeyusha barafu, haina kitufe, na huioni bila kufungua skrubu: ni kidude cha duara, kipana kama sarafu, chenye waya mbili, kimebanwa kwa klipu kwenye bomba la evaporeta nyuma ya ukuta wa friza. Evaporeta ni yale mabomba yenye mapezi membamba ya aluminiamu ambako baridi yote ya friji hupatikana.

Ndani ya kidude hicho mna kisahani cha metali mbili zilizoshikanishwa. Metali hizo hazitanuki sawa, kwa hiyo joto likifika kiwango chake kisahani hubinuka ghafla, "tak", na kuachanisha waya. Baridi ikirudi, hubinuka upande wa pili na kuziunga tena. Shika mpangilio huu, maana vipimo vyote vya chini vinautegemea: kwenye baridi kali inaunga, kwenye uvuguvugu inakata. Nyingi hukata kati ya nyuzi 8 na 15 za Selsiasi, na huunga tena baridi ikishuka chini ya sifuri.

2. Inafanya kazi gani hasa?

Kila unapofungua mlango, hewa yenye unyevu huingia, na unyevu huo huganda juu ya evaporeta. Usipoondolewa, mapezi huziba na feni hukosa pa kupitishia hewa. Kwa hiyo baada ya kila saa 6 hadi 12 za kompresa kufanya kazi, taima (saa ya kuhesabu muda) au bodi (saketi ya elektroniki inayoiongoza friji) huzima kompresa na feni, kisha hupeleka umeme kwenye hita iliyo chini ya evaporeta au iliyopita katikati yake. Hatua hiyo kwa kawaida hupewa dakika 20 hadi 30. Maji yanayoyeyuka hupita kwenye tundu la chini hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa huyakausha.

Umeme wa hita hupita kwenye mnyororo mmoja: taima au bodi, thamostati ya difrosti, fyuzi ya joto, hita. Thamostati ndiyo inayosema "barafu imekwisha, zima hita," hata kama muda wa taima bado. Pete yoyote ya mnyororo huo ikikatika, dalili unayoiona jikoni ni ileile. Ndiyo maana tunasisitiza upime kabla ya kununua.

3. Friji yangu ya mlango mmoja inayo?

Kwa kawaida hapana. Friji ya mlango mmoja yenye kijisanduku cha friza ndani, ambacho kuta zake huota barafu, huyeyushwa kwa mkono au kwa kubonyeza kitufe kilicho katikati ya thamostati ya namba. Friza za kulala, zile za mfuniko juu, nazo nyingi hazina. Friji mpya zenye bodi na taa za kugusa mara nyingi hutumia sensa badala ya thamostati hii. Tazama swali la 20.

## Dalili

4. Nitajuaje kwamba difrosti haifanyi kazi?

Dalili ya kwanza haitokei kwenye friza bali chini, kwenye friji ya kawaida: maziwa yanachacha, mboga zinanyauka, huku nyama kule juu bado ngumu kama jiwe. Hewa ya baridi hutengenezwa kwenye evaporeta na kusukumwa na feni. Barafu ikiziba mapezi, sehemu ya mbali na feni ndiyo hukosa hewa mapema. Baadaye ukuta wa nyuma wa friza huota ukungu mweupe au huvimba kwa barafu, feni huanza kugonga barafu kwa sauti ya "krrr", na kompresa haipumziki tena. Uniti za umeme zitakwambia hilo kabla ya sikio.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote: zima friji, acha milango wazi siku nzima, kisha iwashe. Ikigandisha vizuri siku chache, pengine wiki nzima, halafu tatizo lilelile likarudi, hitilafu iko kwenye mnyororo wa difrosti wa swali la 2. Isipopoa hata siku ya kwanza, tafuta kwingine.

5. Fundi amesema gesi imeisha. Nimwamini?

Mwombe afungue ukuta wa nyuma wa friza kabla hajagusa gesi, na mtazame barafu pamoja. Barafu nene iliyofunika evaporeta yote, juu hadi chini, kulia hadi kushoto, ni ushahidi kwamba gesi inazunguka. Kinachokosekana ni kuyeyusha. Barafu ikiwa kwenye kona moja tu, pale bomba linapoingilia, na mabomba mengine ni makavu au ya uvuguvugu, hapo ndipo gesi pungufu au bomba jembamba lililoziba linapoingia kwenye hesabu. Evaporeta ikiwa na ukungu mwembamba ulioenea sawasawa na friji bado haipoi, tazama feni.

Kuna mafundi wanaokimbilia gesi kabla ya kufungua skrubu moja. Tatizo ni kwamba wakati wa kujaza gesi friji huzimwa na kuachwa wazi kwa saa kadhaa, barafu inayeyuka yenyewe, na friji inarudi kufanya kazi. Mteja anaona gesi ndiyo iliyoponya. Baada ya wiki barafu imerudi, na safari hii friji ina gesi isiyo kipimo chake.

6. Friji hunyamaza kama nusu saa, kisha ndani kunasikika "chsss". Imeharibika?

Hiyo ni difrosti ikifanya kazi yake. Sauti ni matone ya maji yanayoangukia hita ya moto. Usiiguse.

7. Je, thamostati inaweza kuharibika kwa namna nyingine, ikang'ang'ania kuunga?

Ndiyo, ingawa tunaiona mara chache zaidi. Visahani vya kupitishia umeme huungua na kushikana, na thamostati haikati tena. Hita basi huwaka mpaka muda wa taima uishe, hata barafu ikiwa imekwisha kitambo. Utaona vyakula vya juu vimelainika kila baada ya saa kadhaa kisha vimeganda tena, aiskrimu yenye vipande vya barafu, na pengine plastiki iliyojikunja karibu na hita. Mwisho wake fyuzi ya joto hukatika, na hapo dalili hugeuka kuwa za swali la 4. Kwa hiyo ukikuta fyuzi imekatika, usiibadilishe peke yake bila kupima thamostati. Fyuzi haikatiki bila sababu.

8. Kwa nini huharibika?

Adui mkubwa ni maji. Kidude hiki hulowa na kuganda mara mbili, tatu kila siku. Kwa difrosti tatu kwa siku ni zaidi ya mara 1,000 kwa mwaka. Plastiki inayoziba mgongo wake hupata ufa, maji huingia, yanapoganda hutanuka na kuupanua ufa. Thamostati iliyovimba mgongoni, iliyopasuka au yenye kutu inayochungulia kwenye waya ni ya kutupa hata kama mita inasema ni nzima leo.

## Kufungua na kupima

9. Naweza kupima bila kufungua chochote?

Unaweza kujua kama hita inapata umeme. Ukiwa na kipimawati cha kuchomeka kwenye soketi, subiri difrosti ianze au ilazimishe. Kwenye taima ya kuzungushwa kwa mkono kuna kijipini chenye mfereji. Kizungushe polepole kwa bisibisi bapa hadi usikie "tak" na kompresa inyamaze. Kipimo kikionyesha wati 120 hadi 250 hivi wakati kompresa imezima, hita inawaka. Kikionyesha karibu sifuri, mnyororo umekatika mahali.

Huna kipimawati? Tumia mita ya LUKU au ya tokeni. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa friji, tazama taa ndogo inayopepesa. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa uniti moja, mzigo wa wati 150 hupepesa mara moja kila sekunde 24, wa wati 200 kila sekunde 18. Taa ikikaa dakika kadhaa bila kupepesa, hita haili umeme.

Mtego mmoja: jaribio hili lina maana friza ikiwa ya baridi tu. Ukilazimisha difrosti baada ya kuyeyusha barafu yote, thamostati nzima itakuwa imekata, hita haitawaka, na utamlaumu asiye na kosa.

10. Nafunguaje salama?

Chomoa plagi, kuzima swichi pekee hakutoshi. Hamishia vyakula kwenye friji ya jirani au kwenye kontena la baridi lenye barafu. Toa droo na rafu za friza. Skrubu za ukuta wa nyuma kwa kawaida ni 2 hadi 4, aghalabu zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Vuta ukuta taratibu, maana feni au waya zake huweza kuwa zimeshikamana nao. Chomoa konekta kwanza.

Ukuta ukigoma, barafu ndiyo iliyoushika. Usitie kisu, usitie bisibisi, usigonge. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye evaporeta hugeuza kazi ya spea ndogo kuwa kazi ya gesi na kuchomelea aluminiamu, na mara nyingi evaporeta nzima hubadilishwa. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa ndani ya friza, funga mlango dakika 15 hadi 20, badilisha maji, rudia. Ukiwa na haraka, draya ya nywele inafaa ikiwekwa kama sentimita 30 kutoka kwenye plastiki na ikiwa haitulii mahali pamoja, mradi usisimame majini. Asiye na haraka aache milango wazi usiku kucha na matambara sakafuni.

Vaa glavu, maana mapezi yanakata vidole. Hita ya mrija wa kioo usiishike kwa mikono mitupu na usiiegemeze kitu, huvunjika kirahisi.

11. Naipimaje thamostati yenyewe?

Chomoa konekta yake ili isibaki kwenye saketi. Weka mita kwenye alama ya mlio (ile inayopiga "biip" umeme ukipita) au kwenye kipimo cha chini cha omu. Katika joto la chumbani, thamostati nzima haipitishi umeme: mita hukaa kimya. Ikilia ikiwa ya uvuguvugu, imeshikana. Tazama swali la 7.

Sasa ipoze. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Maji ya barafu hukaa kwenye sifuri, na thamostati nyingi hazijaunga bado kwenye sifuri. Iweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kisha kwenye friza inayogandisha kwa saa moja, au uitumbukize kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na chumvi, barafu vipimo vitatu kwa chumvi kimoja. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Dakika 10 zinatosha. Ipime haraka: mita ilie, na omu ziwe karibu na 0. Ikinyamaza ikiwa kwenye baridi hiyo, imekufa. Ikionyesha omu makumi kadhaa au namba inayorukaruka, visahani vimeungua. Nayo ihesabu imekufa.

Unaweza pia kuipima ikiwa bado mahali pake, mradi plagi imechomolewa, konekta yake imetolewa na evaporeta bado ina barafu kavu, isiyoanza kuyeyuka.

12. Na hita na fyuzi?

Fyuzi ya joto ni rahisi: inapitisha au haipitishi, katika hali yoyote. Huandikwa kiwango chake, mara nyingi nyuzi 70 na kitu, na ikikatika haijirudi.

Kwa hita, piga hesabu kabla ya kuamini mita. Chukua volti mara volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa. Kwa volti 230, hita ya wati 150 inapaswa kuwa karibu omu 353, ya wati 200 karibu omu 265. Tofauti ya asilimia chache si kitu. Mita ikikaa kimya, hita imekatika. Pima pia kati ya waya wa hita na chuma cha evaporeta: mita ikionyesha chochote hapo, hita inavujisha umeme na haifai.

13. Vyote vitatu ni vizima. Sasa?

Imebaki taima au bodi, au konekta yenye kutu ya kijani. Taima ya mkono huzungushwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9; ikifanya difrosti ukiizungusha lakini haifiki yenyewe, kijimota chake kimekufa. Bodi ni habari nyingine, na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo huzimaliza bodi kuliko unavyomaliza thamostati.

## Kununua

14. Ninunue ipi?

Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni, pamoja na picha ya kibandiko cha modeli kilichoko ndani ya mlango au mgongoni mwa friji. Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji atakuonyesha sanduku la vidude vinavyofanana kama pacha. Vinatofautiana kwa mambo manne: halijoto ya kukata, halijoto ya kuunga, kiwango cha ampea na volti, na idadi ya waya. Namba hizo zimechapwa au kukwaruzwa kwenye chuma. Kama zimefutika, tafuta kwa namba ya modeli. Kukisia kwa ukubwa hakusaidii.

Tofauti ya nyuzi mbili tatu kwenye halijoto ya kukata haileti maafa. Inayokata mapema mno huacha barafu chini ya evaporeta, na barafu hiyo hujijenga wiki hadi wiki. Inayokata kwa kuchelewa mno hupasha friza bure.

Chagua iliyozibwa kabisa mgongoni, isiyo na tundu wala vidole vya chuma vilivyo wazi. Zenye vidole wazi ni za pasi, birika na majiko.

15. Ya kwangu ina waya tatu au nne na vidude viwili. Ni nini?

Ni thamostati na fyuzi ya joto kwenye kifungashio kimoja, mpangilio unaopatikana sana kwenye friji za kutoka Asia. Nunua kifungashio kizima. Kuweka thamostati ya waya mbili na kuiacha fyuzi nje ni kuondoa breki.

## Kubadilisha

16. Hatua zenyewe zikoje?

Piga picha kwanza: mahali klipu ilipokaa, njia ya waya, rangi zake. Picha hiyo utaihitaji saa moja baadaye. Barafu ikiwa imeyeyuka yote, mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwenye tundu la chini uone yanafika kwenye trei ya kompresa. Tundu lililoziba huleta barafu sakafuni mwa friza, na thamostati mpya haitalitibu.

Kama spea ina konekta inayolingana, itoe ya zamani kwenye klipu, chomeka mpya, basi. Kama haina, kata waya moja baada ya nyingine ukiacha sentimita 5 au zaidi upande wa friji, unga ya kwanza, ndipo ukate ya pili. Hivyo huwezi kuchanganya. Mafungo yafanywe kama swali la 18 linavyoeleza.

Bana thamostati mahali palepale, chuma chake kikiwa kimelalia bomba bila nafasi katikati. Funga waya kwa kamba za plastiki mbali na hita na mbali na mapanga ya feni. Rudisha konekta ya feni, ukuta, skrubu na droo. Kazi yote, ukiacha kuyeyusha barafu, ni kama saa moja.

17. Waya ipi iende wapi?

Kwa thamostati ya waya mbili haijalishi. Ni swichi tu. Kwa kifungashio cha swali la 15 inajalisha, fuata rangi na picha yako.

18. Tepu ya umeme inatosha kwenye maungio?

Haitoshi. Kazi nyingi zinazorudi baada ya miezi zimeharibikia hapa, spea yenyewe ikiwa nzima. Sehemu hii hulowa na kuganda kila siku. Gundi ya tepu huachia, maji hunywewa na nyuzi za shaba, na kutu huanza. Tumia viungio vya kubana kwa plaizi vyenye grisi nzito ndani, au unga waya kwa risasi ya kulehemu kisha vika mrija wa plastiki wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Elekeza maungio juu, yasininginie mahali matone yanapokusanyika. Usisinyaze mrija kwa kiberiti ndani ya friza. Sababu iko swali la 22.

19. Nitathibitishaje kwamba imepona?

Iwashe, iache igandishe saa 24 hadi friza ifike karibu nyuzi 18 chini ya sifuri na friji nyuzi 4 au 5. Ndipo ulazimishe difrosti na upime kama swali la 9. Hita iwake, kisha ijizime yenyewe kabla au karibu na mwisho wa muda. Kichunguze tena kisogo cha friza baada ya wiki mbili: kikiwa hakina ukungu na feni haigongi, umemaliza.

## Mambo ya pembeni

20. Nimekuta kidude cha plastiki chembamba, si sarafu ya chuma. Ni thamostati?

Hiyo ni sensa. Haikati wala haiungi. Omu zake hupanda kadiri baridi inavyozidi, na bodi ndiyo inayosoma. Nyingi huwa omu 5,000 au 10,000 kwenye nyuzi 25, na kwenye maji ya barafu zinapaswa kupanda hadi karibu mara tatu na kutulia. Isiyobadilika, au inayoonyesha sifuri au kimya, ni mbovu. Usiweke thamostati mahali pa sensa wala sensa mahali pa thamostati.

21. Fundi ameunga waya moja kwa moja bila thamostati, na friji inafanya kazi. Kuna ubaya?

Upo. Hita sasa haina wa kuizima isipokuwa taima, na kwa friji ya bodi, bodi huenda ikangoja hadi ukomo wake kila mara. Chakula hulainika na kuganda upya kila siku, plastiki huchoka, uniti huliwa. Fyuzi ya joto ikibaki, itakatika siku moja na utarudi ulikoanza. Nayo ikiwa imerukwa, umebaki na hita iliyozungukwa na plastiki na povu bila kizuizi chochote. Kwa kulala usiku mmoja ukisubiri duka lifunguliwe, ni heri kuizima friji.

22. Kibandiko kinasema R600a. Kuna tahadhari ya ziada?

R600a ni isobutani, inayowaka kama gesi ya kupikia, lakini ya kwenye friji haitiwi harufu ya kukuonya. Kiasi chake ni gramu makumi tu. Hata hivyo ikivuja hujikusanya chini, maana ni nzito kuliko hewa. Fungua madirisha, acha milango ya friji wazi kwa muda kabla ya kuanza, na usitumie moto wa wazi ndani. Maungio ya risasi yafanyie nje ya friza kwa kuvuta waya, au tumia viungio vya kubana.

Hita nayo usiibadilishe kwa ya kubahatisha. Isobutani huwaka yenyewe kwenye nyuzi 460, na kanuni za usalama za friji hizi haziruhusu sehemu za hita kuvuka nyuzi 360. Hita ya wati kubwa kuliko ya asili inaweza kuuvuka mpaka huo.

23. Nimeweka mpya na imepimwa, lakini barafu imerudi.

Tazama unakoingilia unyevu. Weka noti katikati ya mpira wa mlango na ufunge; ikitoka bila kukwama, mpira umechoka hapo. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na mpira wenye mwanya mdogo huingiza maji mengi kuliko difrosti inavyoweza kuondoa. Barafu ya namna hii hujaa karibu na mlango au upande mmoja, si evaporeta nzima. Chungu cha mchuzi wa moto kikiwekwa bila mfuniko kinafanya vivyo hivyo.

Kama mpira ni mzima, rudi kwenye klipu: thamostati iliyolegea kwenye bomba husoma joto la hewa badala ya bomba, na hukata hita mapema.

24. Friji yangu ilitoka Marekani, natumia transfoma. Spea ya hapa itafaa?

Angalia ampea kwanza. Hita ya wati 450 kwa volti 115 hunywa karibu ampea 4, wakati hita ya wati 150 ya friji zetu haifiki hata ampea 1. Thamostati yenye kiwango kidogo itashikana upesi. Spea za Marekani huandikwa kwa Farenhaiti: L55 inakata kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti, ambazo ni karibu 13 za Selsiasi.

Halafu kuna taima. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi masafa. Hapa ni hezi 50, kule 60. Taima ya mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 hutembea kwa mwendo wa tano juu ya sita, kwa hiyo mzunguko wa saa 8 hapa huchukua saa 9 na dakika 36, na difrosti ya dakika 21 huwa ya 25. Barafu hupata muda mrefu zaidi wa kujijenga, na pwani hilo linaonekana. Ukibadilisha taima, tafuta ya mzunguko wa saa 6.